Asali ya Jirani: Mafunzo Niliyopata Nkanka

Naishi Nkanka, wilayani Rusizi, upande ambao watu wengi bado wanauita Cyangugu. Ni milima ya kahawa, migomba na maharage inayoteremka mpaka Ziwa Kivu, na ng'ambo ya maji kuna kisiwa cha Nkombo. Huku, mtu anayesema kwamba hali nyama, samaki, mayai wala maziwa hueleweka nusu tu. Nyama haina tabu sana, kwa sababu Waadventista Wasabato ni wengi na wamezoea kusikia mahubiri ya kuiacha. Samaki huleta ubishi kidogo, maana sambaza wanavuliwa hapo chini kwa taa, usiku usio na mbalamwezi. Maziwa huleta ubishi mkubwa. Ila swali linalonifuata kila mahali, sokoni, harusini, hata kitandani nikiugua, ni hili: na asali je?

Jibu langu nalitoa mapema ili nisimzungushe msomaji. Mimi sili asali. Lakini kuishi jirani na mfuga nyuki kumenionyesha kwamba kuiacha asali ni sehemu ndogo ya ninachodaiwa na nyuki, na kwamba mtu anaweza kuisusa maisha yake yote huku akiwaua nyuki kila siku kwa njia nyingine. Mafunzo yenyewe ni haya.

1. Kanuni iko wazi, na ina sababu

Chama cha Vegan Society kilianzishwa Uingereza mnamo Novemba 1944, na Donald Watson alikuwa mmoja wa waasisi wake. Kwa maelezo ya chama hicho, mtu wa njia ya vegani hujitahidi, kadiri inavyowezekana na kutekelezeka, kuepuka kila namna ya kuwanyonya na kuwatesa wanyama, iwe kwa chakula, mavazi au jambo jingine. Nyuki ni mnyama, na asali ni chakula chake. Kwa hiyo chama hakiihesabu asali kuwa chakula cha vegani.

Wapo wanaonijibu kwamba nyuki hutengeneza asali ya ziada, kwa hiyo hakuna anayeibiwa. Nimejifunza kulichukua jibu hilo kwa uangalifu. Nyuki hufyonza maji matamu ya maua na kuyabeba katika mfuko wa pekee tumboni, ulio tofauti na sehemu inayosaga chakula chake. Akifika mzingani huyapitisha kwa wenzake, mdomo kwa mdomo, kisha wote huyapepea kwa mabawa mpaka maji yapungue na kubaki chini ya sehemu moja ya tano. Inakadiriwa kwamba nyuki mmoja mfanyakazi, katika uhai wake wote wa majuma machache, hutengeneza takriban 1/12 ya kijiko cha chai. Kazi yote hiyo ni akiba. Huku kwetu mvua za Machi hadi Mei zinaweza kunyesha siku nzima, na nyuki hawezi kuruka kwenye mvua. Kinacholiwa mzingani siku hizo ni kile kilichowekwa wakati maua yalipokuwa mengi. Ni kweli kwamba kundi lenye nguvu huweka zaidi ya litakachotumia msimu huu, lakini hakuna anayejua mapema msimu ujao utakuwaje, nyuki wenyewe wakiwemo.

Wala wazo hili halikuzaliwa Ulaya. Mshairi kipofu wa Sham, Abul-Ala al-Maarri, aliyeishi kati ya mwaka 973 na 1057, aliacha nyama, maziwa, mayai na asali pia, akiona kwamba nyuki hawakuikusanya ili awe nayo mtu mwingine. Wajaini, ambao wamekuwa Mombasa na Nairobi kwa vizazi kadhaa, wana mafundisho ya kuepuka asali kwa sababu ya viumbe wanaokufa wakati wa kuirina, ilhali wengi wao hunywa maziwa. Hilo lilinishangaza kwa muda mrefu. Sisi Wanyarwanda tungeona ni kinyume: asali ni jambo jepesi, maziwa ndiyo mazito.

2. Mzinga wa asili unaweza kuwa katili kuliko sanduku

Kabla ya kukaa karibu na nyuki niliamini, kama wengi wanaojali wanyama wanavyoamini, kwamba cha jadi ndicho cha upole. Umutiba ni mzuri kuutazama. Ni mzinga wa duara mrefu uliosukwa kwa vijiti au mianzi, ukakandikwa samadi ya ng'ombe, ukafunikwa kwa majani makavu ya migomba na kulazwa juu ya mti. Hauhitaji fedha. Anayejua kusuka anao.

Tatizo liko kwenye kurina. Masega ya umutiba yameshikana na kuta za mzinga, na asali imekaa pamoja na majana, yaani watoto wa nyuki. Mrinaji wa zamani hupanda usiku na mwenge wa majani unaowaka, anaingiza mkono na kukata. Nyuki huungua mabawa na kuanguka. Sega la asali hutoka na la majana hutoka pia. Kundi likibaki hai, limebaki bila chakula na bila watoto, na mara nyingi huhama au hufa. Nimesimama chini ya mti baada ya kazi ya namna hiyo na kuona ardhi imejaa nyuki wanaotambaa. Siwezi kuiita hiyo asali ya upole kwa sababu tu haikutoka kiwandani.

Jirani yangu, mzee mmoja, ana mizinga ya sanduku, ule muundo wa viunzi vinavyohamishika aliousajili Mmarekani Lorenzo Langstroth mwaka 1852. Kuna pia mzinga wa viunzi vya juu uliobuniwa Kenya katika miaka ya 1970, ambao fundi yeyote wa mbao anaweza kuuunda. Katika sanduku, malkia na majana hukaa chini na asali huwekwa juu. Mzee hufukiza moshi wa baridi kidogo, huinua kiunzi kimoja kimoja, huwapangusa nyuki kwa brashi, huchukua kilichofunikwa kwa nta na kukirudisha kisichoiva. Wanakufa wachache, siwezi kusema hafi hata mmoja, maana kifuniko kikirudishwa huwa kuna aliyebanwa. Lakini kundi linabaki kwao, na lina chakula.

Kifaa kinachofanana zaidi na kiwanda ndicho kinachowaacha nyuki hai. Jambo hilo lilinilazimu kuanza kuuliza mkono wa mrinaji unafanya nini, badala ya kuuliza mzinga umetengenezwa kwa nini.

3. Nyuki wa Afrika anajua kuondoka

Marafiki zangu walioko Ulaya hunitumia orodha ya mabaya ya ufugaji nyuki: malkia hukatwa bawa asiruke, hupandishwa mbegu kwa vyombo, huuawa kila baada ya mwaka mmoja au miwili ili awekwe kijana zaidi, asali yote huchukuliwa na nyuki hupewa maji ya sukari. Yote hayo hufanyika kweli katika ufugaji mkubwa wa biashara. Sijayaona Nkanka.

Sababu si kwamba wafugaji wetu ni watakatifu. Nyuki wetu hawashikiki kwa namna hiyo. Mtu hutundika mzinga mtupu, anaupaka nta au majani yenye harufu, kisha anangoja. Kundi likipenda linaingia, lisipopenda mzinga unakaa mtupu mwaka mzima. Likiingia na kusumbuliwa sana, au chakula kikipungua, linahama lote. Asubuhi moja mzee alikuta sanduku lake bora halina hata nyuki mmoja. Akanieleza bila uchungu: "Mwanangu, hawa si ng'ombe. Wakichoka nawe wanakwenda." Nilimuuliza alikuwa amefanya nini. Akasema siafu waliingia, naye hakupaka grisi kwenye miguu ya kichanja.

Sisemi kwamba nyuki wameridhia kuchukuliwa asali. Kuridhia ni jambo kubwa, na sina namna ya kuwauliza. Ninachosema ni kwamba ng'ombe wa zizini hana mlango wa kutokea, na nyuki wa mzee anao, naye huutumia. Tofauti hiyo ina uzito kwangu, ingawa haijanirudisha kwenye asali.

4. Asali moja inaweza kugharimu msitu

Wilaya yetu inapakana na msitu wa Nyungwe upande wa mashariki, na ndani ya Rusizi tuna kipande kidogo cha msitu kiitwacho Cyamudongo, kilichotengwa na msitu mkuu na kuzungukwa na mashamba, ambacho bado kina sokwe. Nyungwe ilikuwa hifadhi ya misitu tangu mwaka 1933, ikafanywa hifadhi ya taifa miaka ya 2000, na mwaka 2023 UNESCO iliiandika katika orodha ya urithi wa dunia.

Mwishoni mwa miaka ya 1990, wakati wa ukame, moto uliteketeza maelfu ya hekta za msitu huo, na mienge ya warina asali ilikuwa miongoni mwa vyanzo vyake. Cheche moja kwenye majani makavu inatosha. Mlima ulioungua haukurudi haraka, kwani kangaga iliota mnene mpaka mbegu za miti zikakosa nafasi na mwanga, na sehemu nyingine ziliendelea kuwa kangaga tupu kwa miaka mingi. Hebu mtu afikirie wadudu, vinyonga, ndege na kima waliokuwa ndani ya hekta hizo.

Tangu hapo wafuga nyuki wengi wametolewa msituni na kuhimizwa kuweka mizinga pembezoni, wakiwa katika vyama vya ushirika, upande wa Kitabi na kwingineko. Mizinga ikiwa nje, moto hauna sababu ya kuingia ndani. Nyuki wenyewe wanavuka mpaka wapendavyo, wananywa maua ya msitu na kurudi kijijini.

Hapa ndipo msimamo wangu ulipojaribiwa. Kama ningekuwa na uwezo wa kumfanya kila mtu wa Rusizi aache asali kesho, ningefanya hivyo? Ningefikiria mara mbili. Mfugaji wa pembezoni mwenye mizinga ishirini ana sababu ya fedha ya kuutaka msitu ubaki umesimama. Mimi naupenda bila kulipwa, ila sina jioni hata moja niliyopanda mlimani kuzima moto. Wao wamepanda.

5. Nyanya zinaua nyuki kuliko asali

Hili ndilo fundisho lililonibadilisha zaidi, na ningependa walaji wa mimea wenzangu wakae nalo.

Mimi hula ndizi, mihogo, viazi vitamu, maharage, dodo (mchicha), isombe (kisamvu), maboga, parachichi, nyanya na matunda ya pasheni. Ndizi, mihogo na viazi havimhitaji nyuki, kwani hupandwa kwa machipukizi, vipande vya shina au marando. Maharage hujichavusha yenyewe. Boga lina ua dume na ua jike mbalimbali, na asipopita mdudu hakuna boga. Ua la parachichi hufunguka mara mbili, kwanza likiwa jike, kisha siku inayofuata likiwa dume, na mdudu ndiye anayeunganisha nyakati hizo. Pasheni huwategemea nyuki wakubwa weusi wanaotoboa mbao. Hata kahawa yetu, ambayo hujichavusha, huzaa vizuri zaidi nyuki wanapoitembelea. Sahani yangu isiyo na mnyama imejaa kazi ya wanyama.

Mambo hayako hivyo huku kwetu tu. Kila Februari, California hupokea zaidi ya mizinga milioni 2 iliyosafirishwa kwa malori kutoka sehemu mbalimbali za Marekani ili kuchavusha milozi, na milozi hiyo ndiyo hutengenezewa maziwa yanayouzwa duniani kote kwa watu kama mimi.

Halafu kuna dawa. Kwenye mabonde watu hupulizia nyanya na kabichi dawa za wadudu, na kwenye kahawa hupambana na antestia, mdudu anayehusishwa na kasoro inayoifanya kahawa ya Rwanda iwe na ladha ya kiazi kibichi. Mkulima akipulizia asubuhi, maua yakiwa wazi, nyuki walioko shambani hufa humo humo, na wengine hurudi mzingani na sumu. Mzee alinionyesha rundo la nyuki waliokufa mbele ya mlango wa sanduku, ndimi zimetoka nje. Hakuna msimu wa kurina uliowahi kumuulia nyuki kiasi hicho. Nyanya za shamba lililokuwa limepuliziwa ziliuzwa soko la Kamembe, na hakuna sheria ya walaji wa mimea iliyozikataza.

Tangu siku hiyo nilipanga upya maswali yangu ya sokoni. Kwa mama anayeniuzia nyanya nauliza shamba liko wapi, na mumewe hupulizia saa ngapi. Mwanzo alidhani namtania. Sasa ananieleza mwenyewe, na wamehamishia kazi hiyo jioni, nyuki wakiwa wamelala. Wadudu wengine bado wanakufa, najua. Nyuki wamepungua kufa, na kwa hilo nashukuru.

6. Kukataa nako kuna heshima yake

Mtu aliyekataa maziwa Rwanda hawezi kuogopa kukataa asali. Ng'ombe ni mahari, ni urafiki, ni shukrani. Tangu mwaka 2006 mpango wa Girinka umekuwa ukizipa familia maskini ng'ombe, na familia humpa jirani ndama wa kwanza jike. Kikombe cha maziwa kikikujia mikononi katika nyumba ya namna hiyo, unapewa kitu kikubwa kuliko chakula. Pombe ya asali nayo, siku ya kuposa, ilikuwa kinywaji cha wakubwa.

Nilichojifunza ni kupokea kwa mikono miwili, kushukuru, na kumpa aliye kando yangu kwa sauti inayosikika: "Shangazi, hiki ni chako kutoka kwangu." Kikombe kinapata mnywaji, mwenyeji anapata heshima yake, nami nimebaki na nadhiri yangu. Sihubiri mezani kwa mtu. Akiniuliza baadaye, tukiwa njiani, namweleza yote bila kupunguza.

7. Dawa ni sura nyingine

Nilipopata kikohozi kibaya, mama mmoja wa jirani aliniletea tangawizi, ndimu na chupa ndogo ya asali. Utafiti umeonyesha kwamba asali hupunguza kikohozi, hasa kwa watoto, isipokuwa mtoto aliye chini ya miezi 12, ambaye hapaswi kupewa kabisa kwa sababu inaweza kubeba vijidudu vya sumu hatari kwake. Mimi nilikunywa tangawizi na ndimu, nikapona polepole. Ingekuwa ni mtoto wa miaka mitatu anayekohoa usiku kucha na zahanati iko mbali, ningempa kijiko bila kusita. Yale maneno ya Vegan Society kuhusu kinachowezekana na kutekelezeka yaliwekwa kwa ajili ya nyakati kama hizo.

8. Utamu uko kwenye mgomba

Badala ya asali natumia umutobe uliochemshwa. Ndizi za juisi huvundikwa mpaka ziive, hukandwa pamoja na nyasi kavu mpaka maji yake yatoke, kisha huchujwa. Maji hayo nayachemsha kwa moto mdogo, nikikoroga, mpaka yawe mazito na rangi yake iwe ya kahawia. Yanakaa vizuri kwenye chupa na ni matamu mno kwenye uji wa mtama. Hayana harufu ya maua, na sidai kwamba yanayo.

9. Nimewapa nyuki mahali pa kukaa

Mwisho wa shamba langu, kwenye mteremko ambao haulimiki, mzee ameweka masanduku yake kadhaa. Aliniomba kwa sababu kwake watoto wa majirani walikuwa wakirusha mawe. Nilikubali, nikapanda kaliandra kwenye makinga-maji, maua yake mekundu nyuki wanayapenda na mizizi yake inashika udongo. Nimeacha pia mstari wa grevilea na maua ya porini ambayo wengine huyafyeka.

Rafiki yangu anayeishi Ubelgiji, aliyeacha vyakula vya wanyama miaka mingi kabla yangu, alikasirika nilipomweleza. Kwake nimekuwa mshirika wa anayechukua: siichovyi asali, lakini nampa mchukuaji kiwanja. Hoja yake ina nguvu na sijaipuuza. Nilimjibu kwamba nyuki hao wangekuwa kwenye umutiba wa mtu mwenye mwenge, au kwenye shimo la mti karibu na shamba la nyanya, na kwamba hapa angalau nina sauti. Akaniuliza sauti hiyo inatumika vipi.

Nilimtajia masharti niliyokubaliana na mzee tukiwa tumesimama palepale kwenye masanduku. Sanduku la chini, lenye malkia na majana, haliguswi. Harini wakati wa mvua ndefu, hata kama mnunuzi wa Kamembe ameongeza bei. Kila sanduku la juu huachiwa viunzi vilivyojaa, na mimi nina ruhusa ya kuvihesabu. Hakuna dawa ya wadudu inayopuliziwa shamba langu wala lake maua yakiwa wazi. Sipokei asali wala fedha yoyote itokanayo nayo. Rafiki yangu alisema hilo la mwisho ndilo pekee linalomridhisha. Mzee yeye alilalamikia lile la viunzi vya akiba, akisema nimekuwa mkali kuliko bwana shamba, lakini msimu uliopita, baada ya mvua kuzidi na majirani wake kupoteza makundi, alinijia akiomba mbegu za kaliandra za kupanda kwake.